Maziwa yanakuvuruga tumbo? Huenda ni urithi

Lushoto wanafuga ng'ombe wa maziwa, lakini si kila tumbo linayapokea. Laktesi, kimeng'enya cha utumbo mdogo, huvunja laktosi, yaani sukari ya maziwa. Kwa watu wengi duniani hupungua baada ya utoto. Ndipo gesi na kuharisha huanza.

Mwaka 2007, timu ya Sarah Tishkoff ilichapisha utafiti wa watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan. Walikunywa laktosi, sukari ya damu ikapimwa: ikipanda vizuri, kimeng'enya kipo. Aina ya jeni inayokidumisha ukubwani hurithiwa. Nakala moja, ya baba au mama, inatosha.

Huna? Jaribu mtindi, au jibini kama ya Irente: kuchachusha hupunguza laktosi. Ukiharisha damu au kukonda, muone daktari.