Msokoto na Nguvu za Farasi: Historia ya Kukokota Mizigo katika Uwanda wa Uasin Gishu

Mji wa Eldoret umejengwa juu ya uwanda wa Uasin Gishu, takriban mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, na mzigo wowote unaoletwa huko kutoka Nakuru hulazimika kupanda milima ya Timboroa ambako njia hupita mita 2,700 kabla ya kuteremka tena. Kwa sababu hiyo historia ya usafiri wa mji huo, tangu magari ya maksai hadi pikapu za siku hizi, ni historia ya kukokota mizigo kabla ya kuwa historia ya mwendo kasi, na hoja ambayo leo wakulima na mafundi wa Eldoret hubishana juu yake, kwamba gari bora ni lile lenye nguvu nyingi za farasi au lile lenye msokoto mkubwa, ina mizizi mirefu kuliko injini zenyewe.

Maneno hayo mawili yanahitaji ufafanuzi. Msokoto ni nguvu ya kuzungusha, yaani kani inayosukuma ikizidishwa kwa umbali wake kutoka kwenye mhimili. Ndiyo maana fundi anayeshindwa kufungua nati kwa spana fupi huiongezea bomba ili mpini uwe mrefu, ingawa mkono wake haujaongezeka nguvu. Msokoto hupimwa kwa nyutoni-mita. Nguvu za farasi hupima jambo jingine, nalo ni wingi wa kazi inayofanyika kwa muda fulani: kipimo hicho kiliwekwa na James Watt wa Scotland mwishoni mwa karne ya 18, alipotaka kuwaeleza wanunuzi wa mitambo yake ya mvuke kwamba kila mtambo ungechukua nafasi ya farasi wangapi, na farasi mmoja wa hesabu yake ni sawa na kuinua takriban kilo 76 kwa mita moja kila sekunde. Vipimo hivi viwili havitengani, kwa kuwa nguvu ya injini hupatikana kwa kuzidisha msokoto wake kwa kasi ya mzunguko wake.

Mnamo 1908 kundi la Makaburu wa Afrika Kusini lililoongozwa na Jansen van Rensburg lilitoka Nakuru na magari yake ya maksai, likafika Uasin Gishu mwezi wa Oktoba. Ardhi waliyogawiwa haikuwa pori lisilo na wenyewe: Wamaasai wa Uasin Gishu na baadaye Wanandi walikuwa wameichunga mifugo yao humo, na ni miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu Koitalel arap Samoei, kiongozi wa upinzani wa Wanandi, alipouawa Oktoba 1905. Makazi yaliyochipuka yaliitwa 64, jina ambalo wenyeji walilitamka Sisibo, na kwa maelezo yanayotolewa mara nyingi namba hiyo ilikuwa maili za njia ya magari ya maksai kutoka stesheni ya Londiani, yaani kilomita 103 hivi. Jina la Eldoret lilikuja baadaye, serikali ya kikoloni ilipoanzisha makao yake hapo.

Gari kamili la maksai, kwa desturi ya Afrika Kusini, lilivutwa na maksai 16 waliofungwa wawili wawili kwenye nira nane. Mwendo wao ulikuwa kilomita tatu au nne kwa saa, kwa hiyo kazi waliyoifanya kwa kila sekunde ilikuwa ndogo. Hata hivyo waliweza kuling'oa gari lililozama kwenye tope hadi ekseli, kwa sababu uwezo wa maksai uko katika uzito anaouegemeza kwenye nira akiwa bado amesimama. Farasi wa mbio, ambaye kwa hesabu ya Watt angeweza kuonekana bora, asingefaa kitu kwenye njia ile.

Reli ilifika Eldoret mwaka 1924, nayo haikuibadili kanuni hiyo bali iliithibitisha. Injini ya mvuke hutoa msokoto wake mkubwa tangu gurudumu likiwa limesimama, kwa kuwa mvuke husukuma pistoni bila kungoja mzunguko, na kwa miinuko ya nchi hii sifa hiyo ilikuwa ya lazima. Kuanzia 1926 shirika la reli lilileta injini za aina ya Garratt zilizotengenezwa Manchester na kampuni ya Beyer, Peacock, ambazo ziliugawa uzito wao juu ya magurudumu mengi ili zivute treni nzito bila kuivunja reli nyepesi.

Shambani, trekta lilitoa somo lililo wazi zaidi. Massey Ferguson 135, lililotoka kiwandani kuanzia 1964 na kuenea sana katika mashamba ya ngano na mahindi, lilikuwa na takriban nguvu za farasi 45, wakati Peugeot 404, gari dogo la saluni la miaka hiyohiyo, lilikuwa na zaidi ya 60. Hakuna mkulima wa Moiben au Ziwa, maeneo ya Uasin Gishu, aliyediriki kuifunga plau nyuma ya Peugeot. Tofauti ilikuwa katika gia: gia hupunguza kasi ya mzunguko na kuuzidisha msokoto kwa kiasi kilekile, hivyo trekta linalotambaa huifikisha ardhini nguvu ya kuvuta ambayo saluni haiwezi kuikaribia. Jambo la kuzingatia, na ambalo husahauliwa katika mabishano mengi, ni kwamba gia haiwezi kuongeza nguvu za farasi hata kidogo. Inabadilisha tu kasi kuwa uwezo wa kuvuta.

Pikapu ilirithi kazi ya maksai wakati wakulima Waafrika walipokuwa wakinunua mashamba baada ya uhuru. Peugeot zilikuwa na sifa tayari, kwani 404 ilishinda mbio za Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na 504 ikashinda 1975 na 1978. Pikapu ya 504, iliyounganishwa nchini Kenya, ilibeba maziwa, mbolea na mahindi kwa miaka mingi. Tani moja ya mahindi ni takriban gunia 11 za kilo 90, na dereva anayetoka shambani na mzigo huo asubuhi baada ya mvua huachilia klachi polepole, injini ikizunguka kidogo tu, akihofia magurudumu yasije yakazunguka bure. Katika dakika hiyo namba ya farasi iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari haina msaada, kwa sababu hupatikana injini ikizunguka kwa kasi sana, ambako dereva huyo hafiki.

Mfano mzuri ni injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 1HZ, yenye silinda sita na ujazo wa lita 4.2, iliyoanza kutumika 1990 na kujulikana kote katika Land Cruiser za pikapu. Uwezo wake ni takriban farasi 129 kwa mizunguko 3,800 kwa dakika, lakini msokoto wake wa juu, nyutoni-mita 285, hupatikana kwa mizunguko 2,200, ambako kwa hesabu injini hutoa farasi 88 tu. Dereva mzoefu hufanya kazi karibu na mizunguko hiyo siku nzima, na injini hudumu.

Hata hivyo wanaodai kwamba nguvu za farasi ni mapambo ya wauzaji wanakosea. Gari lenye uzito wa tani tatu pamoja na mzigo, likipanda mwinuko wa mita 6 kwa kila mita 100 kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, hutumia takriban farasi 40 kwa ajili ya mlima peke yake, kabla ya upepo na msuguano wa matairi kudai sehemu yao. Injini isiyo na farasi hao itafika Timboroa, maana gia itaupata msokoto unaohitajika, lakini itafika kwa mwendo wa trekta. Msokoto wa mizunguko ya chini huamua kama gari litang'oka. Nguvu za farasi huamua litakuwa na kasi gani mlimani.

Kuna jambo la tatu, nalo kwa Eldoret lina uzito kuliko katika miji mingi ya nchi. Injini huchoma mafuta kwa hewa, na kwenye mita 2,100 hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban sehemu moja kwa tano, kwa hiyo injini isiyo na turbo hupoteza karibu kiasi hicho cha msokoto na cha farasi kwa pamoja. Nyutoni-mita 285 za kitabuni hubaki kama 230, na juu ya Timboroa hupungua zaidi. Turbo, ambayo ni pangaboi linalozungushwa na moshi wa ekzosi ili kuisukuma hewa ndani ya silinda, hurudisha sehemu kubwa ya kilichopotea. Ndiyo sababu injini ya Hilux ya lita 2.4 iliyotoka 2015, yenye farasi takriban 150, hutoa nyutoni-mita 400 kati ya mizunguko 1,600 na 2,000, ikiipita 1HZ ambayo ujazo wake unakaribia kuwa mara mbili. Ubora wa 1HZ umebaki katika wepesi wa kuitengeneza, kwa kuwa haina turbo ya kuharibika wala mitambo ya elektroniki ya kumtatiza fundi aliye mbali na mji, na hilo si jambo dogo.

Anayenunua pikapu kwa kazi ya Uasin Gishu, basi, asiridhike na namba moja iliyochapishwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi ya muuzaji. Aulize msokoto ni kiasi gani, unapatikana kwa mizunguko mingapi, na kama injini ina turbo, kisha aijaribu ikiwa na gunia zake 11 nyuma, kwenye mlima.