Fahamu Pinheiros: Klabu ya Brazil iliyoacha boli ikabaki na dhahabu za Olimpiki

Ukiambiwa "twende club," najua akili yako imeshafika kwa ngoma na mzinga mezani. Hii ni story tofauti. Esporte Clube Pinheiros ni klabu ya wanachama jijini São Paulo. Unanunua hati ya uanachama, halafu unalipa ada kila mwezi. Familia inaogelea, inacheza tenisi, inakula na kusherehekea humo humo, ndani ya ekari kama 42 kwa mtaa wa masonko. Wanachama ni zaidi ya 35,000.

Ilianza aje?

Hans Nobiling, msee wa Hamburg, alitua São Paulo akipenda boli kufa. Mwaka wa 1899 yeye na wenzake walikaa chini waunde timu. Alitaka iitwe Germânia, kama timu yake ya Ujerumani. Wengi wakapigia kura Internacional. Jamaa akatoka, na tarehe 7 Septemba akaanzisha yake: Sport Club Germânia.

Na boli waliijua. Walibeba ubingwa wa jimbo la São Paulo 1906 na 1915. Arthur Friedenreich, ambaye baba yake alikuwa na asili ya Kijerumani na mama yake alikuwa Mbrazil mweusi, alianzia hapo 1909. Miaka kumi baadaye ndiye aliyeifunga Uruguay bao lililoipa Brazil ubingwa wa Amerika Kusini.

Mbona basi huwaoni kwa ligi?

Miaka ya 1930 wachezaji wa Brazil walianza kulipwa rasmi. Germânia haikutaka soka ya doo, ikaachana nayo.

Kisha jina nalo likaenda. Mwaka wa 1941, vita vikichacha Ulaya, serikali ya Getúlio Vargas ilikuwa inakaza majina ya kigeni. Klabu ikaitwa Pinheiros, jina la mto ulio karibu.

Sai wanajulikana kwa nini?

Olimpiki. César Cielo alihamia hapo akiwa kijana kufanya mazoezi, na 2008 huko Beijing akaipa Brazil dhahabu yake ya kwanza ya kuogelea. Paris 2024, dhahabu ya kwanza ya Brazil ililetwa na Beatriz Souza, mwanajudo wa Pinheiros.

Cheki hiyo: jina ambalo Nobiling alilipigania halipo, boli aliyoipenda haipo, lakini klabu yake bado inatoa mabingwa.