Kingereza: sauti ya «th» inafundishwa namna gani?

Goma, Bukavu ao Bunia, wanafunzi wengi wa Kingereza wanasema «sink» wakitaka kusema «think». «Think» ni kufikiri, «sink» ni kuzama. Mwenye kutafuta kazi anaweza kujibu vizuri na bado asisikilikane.

Sababu si uvivu. Kifaransa hakina sauti hiyo. Kiswahili cha pwani kiko nayo katika «thamani» na «dhambi», lakini Kiswahili cha huku kinasema «samani» na «zambi». Ulimi haujaizoea tu.

Mwalimu aanzie kwa masikio: aseme maneno mawili, na mwanafunzi ajibu kama ni neno moja ao yako tofauti. Kisha kinywa: ncha ya ulimi ikae katikati ya meno, pumzi itoke polepole. Ndiyo «think». Kwa «this», ulimi unabaki palepale, lakini sauti inatoka mupaka koo linatetemeka. Mukono kwenye koo utasikia. Kioo kidogo kinasaidia.

Kosa lisichekwe. Mutu akichekwa darasani ananyamaza, na mwenye kunyamaza hajifunzi kusema.