Utani wa ndoa (Unyamwezi)

Utani wa ndoa ni mzaha unaoruhusiwa, na pengine kudaiwa, kati ya watu waliounganishwa na ndoa au ambao wangeweza kuoana. Katika Unyamwezi, nchi inayouzunguka mji wa Tabora, utani huu ni kichekesho kisicho na jukwaa. Wahusika ni mashemeji, mawifi, mabinamu, mababu, mabibi na wajukuu. Mada ni nani kamuoa nani, nani kazeeka, na nani bado anajiona kijana.

Mpaka wake ni wakwe. Kwa desturi mwanamume hamtanii mama mkwe hata kidogo. Humwinamishia macho na kumpisha njia. Kwa shemeji mambo ni mengine. Mdogo wa mume anaweza kumwambia mke wa kaka yake kwamba ugali wake ni mbichi lakini atauvumilia, maana kaka akifa mwenye nyumba ni yeye. Watu hucheka, ingawa zamani wajane walirithiwa kweli.

Bibi naye humwita mjukuu wake wa kiume “mume wangu”, na siku kijana akioa, bibi harusi hupokewa na mke mwenza mwenye mvi: “Haya mwenzangu, kuni na maji ni zako. Mume ni wangu.” Mjukuu wa kike humjibu babu kwamba hataki mume asiye na meno.

Umri wa makamo ndio mgumu. Baba wa watoto wanaobalehe hataniwi na watoto hao, wala hajafikia kupumzika kwenye mizaha ya wajukuu. Wanaompata ni mashemeji na mabinamu wa rika lake. Akiongeza mke huku kichwa kimeanza kuwa cheupe, husikia kwao hadharani maneno ambayo mke mkubwa angeyasema chumbani tu, na akikasirika ameshindwa.

Njia ya misafara kati ya pwani na Unyamwezi iliutoa utani huu nje ya ukoo. Safari ilikuwa ndefu. Wavumbuzi Waingereza Burton na Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 na kufika Kazeh, Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Wapagazi wa Kinyamwezi waliizoea safari hiyo kama kazi ya kiangazi, wakipita nchi za watu ambako mtu angeweza kuugua, kufilisika au kufa. Kati yao na Wazaramo, Waluguru na wengine wa njiani uliota utani wa makabila. Mtani aliweza kuchukua chakula bila kuomba, kumwita mwenzake mtumwa wake, na kudai binti bila mahari. Kwa upande wa pili alipaswa kumhifadhi mgeni na kumzika. Mpaka leo msibani mtani huigiza marehemu alivyotembea na kugombana na mkewe, au huzuia kaburi mpaka apewe chochote.

Mtafiti R. E. Moreau aliandika kuhusu utani wa Tanganyika mwaka 1944, miaka minne baada ya mwanaanthropolojia Radcliffe-Brown kueleza kwamba mzaha hupoza uhasama kati ya watu ambao ndoa imewaweka karibu na mbali kwa pamoja. Maelezo hayo yanawafaa mashemeji. Wengi hudai pia kwamba utani wa makabila ulizaliwa na vita vilivyokwisha kwa suluhu. Kwa Wanyamwezi hoja hiyo haitoshi: aliyebeba pembe za ndovu hadi Bagamoyo alihitaji mwenyeji kuliko adui aliyepatana naye.

Filamu za vichekesho za Kiswahili zimekula sana kwenye sahani hii. Mzee anayewaandama mabinti, aliyechezwa mara nyingi na Amri Athumani, “King Majuto” wa Tanga (1948–2018), ni babu wa utani aliyesahau kwamba ule ulikuwa mzaha.

Anayeoa Unyamwezi na aulize mapema nani ni shemeji na nani ni mkwe. Kumtania mkwe ni kosa linaloweza kudai fidia. Kukataa kumtania shemeji huonekana kuwa kiburi.