Kusaka mizizi ya Wagoa wa Kisumu: Hatua za kufuata

KWA wakazi wengi wa Kisumu, Kibuye ni soko. Lakini mtaani humo pia limo Kanisa Kuu la Mtakatifu Teresa, makao ya Jimbo Kuu Katoliki la Kisumu. Mjukuu wa Mgoa aliyezaliwa London au Toronto, na ambaye wazazi wake waliondoka Kenya wakiwa wadogo, aghalabu hushauriwa kuanza kuwatafuta wahenga wake kanisani.

Wagoa ni wenyeji wa Goa, magharibi mwa India, iliyotawaliwa na Ureno hadi Desemba 1961. Wakatoliki miongoni mwao walikuja Afrika Mashariki wakawa makarani, washonaji, wapishi na wafanyabiashara. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901, nao Wamisionari wa Mill Hill wakawasili 1903.

Baada ya Uhuru, wakazi wasiopata uraia papo kwa papo walipewa miaka miwili kuuomba. Sheria za uhamiaji na leseni za biashara za 1967 ziliwabana waliobaki na pasipoti za Uingereza. Machi 1968, Uingereza nayo ikawawekea vikwazo. Jamaa za ukoo mmoja zikatawanyika Uingereza, Kanada na Australia.

Anayetafuta asili yake aanze na wazee walio hai. Awaulize majina kamili, jina la kijiji cha Goa na majina ya wasimamizi wa ubatizo, ambao mara nyingi huwa ni jamaa. Ushahidi huu hauna nakala. Mzee akifariki, umekwenda naye.

Hatua ya pili ni parokia. Daftari la ubatizo huonyesha wazazi na wasimamizi, na kwa desturi ya Kanisa, ndoa iliyofungwa baadaye hunakiliwa pembeni mwa jina la mhusika, hata ikiwa ilifungwa nchi nyingine. Hivyo mstari mmoja waweza kuonyesha familia ilikohamia. Barua kwa ofisi ya parokia itaje jina, mwaka wa kuzaliwa na majina ya wazazi.

Hatua ya tatu ni kumbukumbu za serikali. Usajili wa vizazi na vifo ulianza 1904 kwa Wazungu na kupanuliwa 1906 kuwajumuisha Waasia. Gazeti Rasmi la Serikali, lililoanza kuchapishwa 1899, lina matangazo ya mirathi na uteuzi wa watumishi wa umma. Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa jijini Nairobi nayo ina majalada ya utawala wa mikoa.

Mtafutaji ajihadhari na majina ya mahali. Kisumu iliitwa Port Florence, na hadi 1902 ilikuwa sehemu ya Uganda. Kwa hivyo, karatasi za miaka hiyo huenda zikawa miongoni mwa nyaraka za Uganda.

Orodha za abiria zilizohifadhiwa Kew, London, zinakomea 1960 na zinahusu meli zilizofika au kuondoka Uingereza. Aliyesafiri kutoka Bombay hadi Mombasa asitarajiwe humo, wala aliyehama 1968 kwa ndege.

Hatua ya mwisho ni Goa kwenyewe, katika parokia ya kijiji na hifadhi ya nyaraka mjini Panaji. Hapa jina la ukoo pekee halitoshi: akina Fernandes na D'Souza ni wengi mno. Bila jina la kijiji, msako hukwama.

Faida ya kazi hii si kujua asili tu. Waliozaliwa Goa chini ya Ureno na baadhi ya wazao wao wamewahi kuruhusiwa kudai uraia wa nchi hiyo, na madai hayo huhitaji vyeti. Wengine hutaka tu kulijua kaburi la babu ili liwekwe msalaba. Wote wawili huanza na swali lile lile kwa mzee, angali hai wa kulijibu.