Kufumua gia boksi ya manuali mwenyewe: Mambo ya kujua kwa wenye magari Bukoba na Muleba

Barabara ya Muhutwe–Kamachumu–Muleba haina huruma na gia boksi. Pikapu au Canter iliyobeba ndizi au kahawa hupanda kwa gia ya pili, kisha hushuka kwa gia hiyo hiyo ili injini isaidie breki. Gia ikichomoka katikati ya mteremko, gari linabaki fri na mzigo wote unahamia kwenye breki. Ndiyo maana gia boksi inayolalamika si ya kuahirisha hadi mwisho wa msimu.

Kuifumua na kuijenga upya inawezekana kwa mwenye gari mwenye subira, vifaa na msaidizi. Haya ndiyo ya msingi, hasa kwa gari la gia za manuali linalosukumwa na magurudumu ya nyuma.

1. Je, kweli ni gia boksi?

Wengi hufumua boksi wakati tatizo ni klachi. Dalili husomwa hivi:

- Kelele gari likiwa fri, ikinyamaza klachi ikikanyagwa: beringi za ndani ya boksi.
- Kelele inayoanza klachi ikikanyagwa: beringi ya klachi.
- Gia zote zinakwaruza kuingia: klachi haiachii vizuri.
- Gia moja tu inakwaruza, mara nyingi ya pili: ringi ya brasi ya gia hiyo imeisha.
- Gia inachomoka yenyewe: foku, springi za kushikilia gia, meno ya kuunganishia au beringi zimelika.

Ringi hizo za brasi, yaani sinkronaiza, hulinganisha mwendo wa gia na wa shafti kabla meno hayajashikana. Zilianza kwenye magari ya Cadillac ya Marekani mwaka 1928. Kabla ya hapo dereva alilazimika kubahatisha mwendo mwenyewe.

2. Oili inasema mengi

Kabla ya kumwaga oili, nati ya kujazia hufunguliwa kwanza. Ikigoma baada ya boksi kuwa tupu, gari halitoki hapo.

Ute wa kijivu kwenye sumaku ya nati ya chini ni wa kawaida. Vipande vya chuma ni jino au beringi iliyovunjika. Chembe za rangi ya dhahabu ni ringi za brasi. Oili yenye rangi ya maziwa imeingiwa na maji, jambo linalowezekana kabisa kwa gari linalovuka madimbwi ya mvua za Kagera.

3. Kushusha boksi

Waya hasi wa betri huondolewa kwanza. Gari hukaa kwenye stendi imara, si jeki peke yake wala matofali. Boksi ya pikapu inaweza kufika kilo 40 na zaidi, kwa hiyo hushushwa kwa jeki yake ikisaidiwa na mtu wa pili.

Propela hutiwa alama kabla ya kufunguliwa ili irudi ilivyokuwa, la sivyo gari litatetema. Kisha hutolewa liva ya gia, waya wa taa ya rivasi, silinda ndogo ya klachi, stata na mhimili unaoshikilia boksi. Kila hatua ipigwe picha kwa simu, na boliti za kila sehemu ziwekwe kwenye kopo lake.

4. Kufumua na kupima

Vipuri huoshwa kwa mafuta ya taa au dizeli, si petroli, ambayo mvuke wake hushika moto haraka. Kila kitu kipangwe mezani kwa mpangilio kilivyotoka.

- Ringi ya brasi hubanwa kwa mkono kwenye koni ya gia yake, kisha pengo hupimwa kwa filageji. Kipimo cha chini kiko kwenye kitabu cha gari, na kwa kawaida ni chini ya milimita 1. Ringi inayogusa gia bila pengo imekufa.
- Beringi izungushwe ikiwa safi. Ikikwaruza au ikicheza, inabadilishwa.
- Jino likivunjika, gia hubadilishwa pamoja na mwenzake anayesagana naye.
- Hauzingi ikaguliwe kama ina ufa.

Beringi, ringi, sili na gasketi ni vyema kubadilishwa kwa pamoja, maana kazi ya kushusha boksi ni ile ile. Vipuri vingi huagizwa Mwanza na kuja kwa basi au kwa meli. Hivyo orodha iandikwe baada ya kupima kila kitu, pamoja na namba iliyo kwenye beringi ya zamani. Kuagiza mara mbili ni kulaza gari wiki nyingine.

5. Kujenga upya

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Beringi haipigwi nyundo: huingizwa kwa presi, au hupashwa moto kwenye oili hadi kama nyuzi 100 na kuteleza yenyewe. Habu za sinkronaiza zina upande wa mbele na wa nyuma. Kila shafti inayosogea kupita kipimo hurekebishwa kwa seklipu yenye unene tofauti.

Kabla ya kufunga boksi kabisa, shafti izungushwe kwa mkono katika kila gia, pamoja na rivasi.

Asiye na presi asilazimishe. Apeleke shafti kwenye karakana yenye presi. Anayetaka kujifunza ufundi wenyewe ana chuo cha VETA cha mkoa kilichopo Burugo, Bukoba, kilichozinduliwa Oktoba 2022.

6. Kurudisha na kujaribu

Pleti ya klachi lazima iwe katikati kabisa. Boksi ikikataa kukaa, isivutwe kwa boliti, kwani masikio ya hauzingi yatavunjika. Wala isiachwe ikining'inia kwenye shafti, maana pleti itapinda.

Oili ifuate kitabu cha gari. Boksi nyingi hutaka GL-4 ya 75W-90. Baadhi ya GL-5 zinaweza kula brasi. Hujazwa gari likiwa limesimama sawa, hadi oili ianze kutoka kwenye tundu la kujazia.

Safari ya kwanza iwe tambarare, bila mzigo. Baada ya kama kilomita 1,000 oili imwagwe tena na sumaku ikaguliwe. Ikiwa na ute tu bila vipande, boksi iko tayari kwa mlima wa Kamachumu.