Shetani wa saa sita za mchana

Taabu ya kusoma peke yake nyumbani haikuanza leo. Katika karne ya 4 Mababa wa jangwa la Misri waliijua, wakaipa jina: akedia, maana yake moyo kuchoka na kuchukia kazi yake. Inafaa tuwasikilize, kwa kuwa vita yao ndiyo vita yetu.

Evagrius wa Ponto, mtu wa elimu nyingi, alifika Misri karibu na mwaka 383. Alikaa pahali paitwapo Kellia, ndiyo kusema Vyumba, mpaka alipokufa mwaka 399. Kila mmonaki alikuwa na kijumba chake. Evagrius aliandika kwamba shetani wa akedia huja saa nne, wala hamwachi mtu mpaka saa nane. Nao walihesabu saa tangu jua kuchomoza, sawasawa na sisi katika Kiswahili. Jua huonekana kama limesimama. Mmonaki hutazama dirishani, hutoka nje kupima kama saa tisa, saa ya kula, imekaribia. Kisha hufikiri kwamba ndugu hawampendi, na kwamba pahali pengine angefanya kazi vizuri zaidi. Mwisho wake ni kukimbia.

Wazee walipigana naye namna gani? Inasimuliwa kwamba Mtakatifu Antoni, alipolemewa na akedia, aliona mtu aliyefanana naye: amekaa akisokota kamba, anasimama kusali, anakaa tena kusokota. Alikuwa malaika. Yohane Cassianus, aliyeishi na wamonaki wa Misri kabla ya kufika Marseille karibu na mwaka 415, anasimulia habari za Baba Paulo, aliyekaa mbali na miji mwendo wa siku saba. Gharama ya kupeleka kazi yake sokoni ingepita bei yake. Hata hivyo alisuka majani ya mitende kila siku kwa kipimo, na mwisho wa mwaka akayachoma yote. Hakutafuta faida, alilinda moyo.

Katika karne ya 6 Mtakatifu Benedikto aliifanya desturi hiyo kuwa kanuni. Tangu Pasaka mpaka mwezi wa kumi: asubuhi kazi ya mikono hata karibu saa nne, kisha kusoma mpaka saa sita, kisha chakula, na ruhusa ya kulala kidogo. Saa ya yule shetani aliiwekea kitabu, lakini hakuunyima mwili haki yake. Tena aliagiza mzee mmoja au wawili wapite wakati wa kusoma, watazame kama ndugu fulani amekaa bure.

Ndugu wasomaji, sisi nasi tunalo dirisha letu, ndiyo simu mkononi. Mseminari anayetayarisha mtihani kwao, mwalimu wa dini peke yake kijijini, padri katika misioni ya mbali: akiacha kitabu, mwaka huu hataona hasara. Lakini baada ya miaka mahubiri yake yatakauka, na Wakristo watabaki na njaa. Basi tusingoje bidii ije yenyewe. Tupange saa zetu, shamba na kitabu vipokezane, tupumzike adhuhuri, na tumwombe ndugu mmoja atuulize kila juma: Umesoma nini?